Baiti Mbili za Räntä

"Imezidi mbili," Ilpo Tolonen, msimamizi wa shindano, alisema, akamrudishia Ossi diski yake kama mpokea mizigo anayekataa sanduku la mtu.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na tatu mchana, Jumamosi, Agosti ya mwaka 1994, ndani ya ukumbi wa mpira wa barafu wa Kajaani, mji mdogo katika nchi jirani ya Sweden. Barafu haikuwapo. Ilikuwapo sakafu ya saruji, juu yake meza, juu ya meza kompyuta mia tatu, na kuzizunguka watu mia sita ambao wengi wao hawakuwa wameoga tangu Alhamisi. Saa sita kamili mapokezi yalikuwa yanafungwa. Shindano lenyewe lilikuwa la programu ndogo kupita zote: baiti elfu nne na tisini na sita, basi. Baiti moja ni nafasi ya herufi moja. Insha ya kurasa mbili ya shuleni inaijaza nafasi hiyo yote, nao walitakiwa waingize humo picha, mwendo, na kitu cha kuwafanya watu mia sita wasahau soseji zao. Ukizidisha hata baiti moja hupokelewi, hata uwe nani.

Ossi alirudi mbio kati ya meza, akiruka mifuko ya kulalia na watu waliokuwa ndani yake, hadi kona ya nyuma karibu na vyoo. Huko binamu yake Virpi alikuwa amejikunyata mbele ya kioo cha kompyuta, magoti kifuani, viatu juu ya kiti.

"Elfu nne tisini na nane," Ossi alimwambia akihema. "Umefanya nini wewe? Jana ilikuwa imekaa sawasawa."

Virpi alijua alichokifanya. Alikuwa ameweka nukta.

Baba yake Virpi, Taisto Moilanen, alikuwa fundi wa televisheni hapo mjini, na nyumba yao ilianzia pale duka lilipoishia: ukivuka pazia la kaunta unaingia jikoni. Kwa hiyo Virpi alikulia katikati ya televisheni za watu. Zilikaa sakafuni, zilikaa juu ya friji, na moja ilikaa bafuni miaka miwili kwa sababu mwenyewe alihamia Sweden bila kuaga. Na televisheni iliyoletwa kwa fundi haionyeshi katuni. Inaonyesha chenga. Watu wa kule huziita theluji, na ukizikazia macho unaona kabisa kwamba ni theluji, ila ni theluji isiyotua chini. Virpi aliweza kuzitazama saa nzima. Mama yake, aliyekuwa nesi wa zamu, akirudi alfajiri humkuta ameshaamka na kukaa mbele ya chenga, humwuliza kuna nini humo, na mtoto hujibu kwamba bado hajajua.

Kwa mengine yote alikuwa msichana wa kawaida. Hisabati nzuri, Kiswidi kibaya, baiskeli yenye breki moja. Alipofika miaka kumi na mitatu baba yake alimuungia kompyuta kutoka kwenye maiti za kompyuta tatu, naye akaanza kuandika programu. Alipofika kumi na mitano akaingia kwenye ule ulimwengu wa vijana wanaotengeneza picha zisizo na kazi yoyote duniani zaidi ya kuonyesha nani anaweza na nani anajidai. Humo hakuna anayetumia jina lake. Virpi alijiita Räntä, ile theluji ya majimaji ya Novemba isiyojua kama ni mvua au ni barafu, inayokuingia kwenye kola.

Kazi zake zilisafiri nchi nzima ndani ya bahasha, diski kwa diski. Katika magazeti yao watu walimwandika: Räntä amefanya hivi, yeye ana mkono mwepesi, yeye ni mtu wa kuangaliwa. Na hilo neno lao la "yeye", sawa na hili letu, halina ndevu wala sketi. Hakuna aliyeuliza. Virpi mwenyewe aliona haya mbele za watu, kiasi kwamba dukani kwao alipenda kujibu simu kwa sauti ya mteja aliyekosea namba. Kwa hiyo mpeleka diski alikuwa Ossi. Mpokea pongezi alikuwa Ossi. Mwaka uliopita mtu mmoja aliandika gazetini kwamba ameonana na Räntä ana kwa ana, ni jamaa mrefu, mcheshi, anakula sana. Ossi aliposomewa alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa amekana, alisema. Virpi alipomwuliza amekana mara ngapi, akasema mara moja, halafu akasema karibu mara moja.

Usiku wa siku ile Virpi hakulala vizuri, na asubuhi akaweka nadhiri. Kazi itakayofuata itaonyeshwa, msimamizi ataita jina la mwandishi kama desturi ilivyo, na atakayesimama ni yeye. Miezi minane alikuwa anaiandaa saa hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa chenga. Chenga tupu za televisheni, kwenye kompyuta.

Ukisikia hivyo unaweza ukasema, ah, ndiyo nini hicho? Jaribu. Kioo kina nukta elfu sitini na nne. Kila nukta inahitaji namba yake ya kubahatisha, na kioo kizima kinahitaji kubadilishwa mara sabini kwa sekunde, la sivyo jicho linashtuka kwamba linadanganywa. Ukiiomba mashine ya wakati ule namba ya bahati kwa kila nukta, moja moja, inapumua kama mzee anayepanda ngazi. Virpi akafanya ujanja. Mwanzoni kabisa, mara moja tu, programu inasaga gunia zima la chenga na kuliweka kwenye kumbukumbu. Baada ya hapo haisagi tena. Inachota tu, konzi kwa konzi, nukta nne kwa mpigo mmoja, na kumwaga kwenye kioo.

Ilikwenda kwa kasi ya ajabu. Januari alimwita baba yake aje aone. Taisto alikuja na kikombe chake, akatazama kidogo, akasema, "Zinatembea." Chenga za kweli hazitembei, alisema, hizi zako zote zinasogea kushoto, hii ni theluji ya upepo. Akarudi kwenye kazi zake. Virpi alinuna siku tatu, na siku ya nne akaona kwamba mzee amesema kweli: alikuwa anachota kutoka gunia lile lile akianzia karibu na alipoanzia mara iliyopita, na jicho la mtu ni jepesi kushika mwendo. Akabadilisha. Kila mstari wa kioo ukawa unachota kutoka mahali pake, popote, bila mpango. Zikaacha kutembea. Zikawa zinachemka mahali pamoja, kama uji.

Hapo ndipo alipopata wazo lililomkosesha usingizi. Vipi kama sehemu ya chenga itatembea kwa makusudi, na zilizobaki zichemke? Alichora umbo la herufi, akaziachia chenga zilizo ndani ya umbo zisogee kushoto, basi. Hakuna rangi, hakuna mpaka, chenga ni zile zile. Lakini herufi ikaonekana, kubwa, ikielea. Ukiisimamisha picha inatoweka. Unaikagua nukta kwa nukta na herufi haimo. Ukiiachia iende, imo. Virpi aliiwasha na kuizima mara arobaini jioni ile, mdomo wazi. Safari hii hakumwonyesha baba yake.

Na asubuhi hii ya Jumamosi, akila mkate mweusi mbele ya kioo, aligundua kwamba katika kubana nafasi alikuwa amezikata nukta za juu ya herufi. Kwao A yenye nukta mbili ni herufi nyingine kabisa. Räntä ni ile theluji ya majimaji. Ranta, bila nukta, ni ufukwe. Alikuwa anakaribia kusimama mbele ya nchi nzima na kujitangaza kuwa ni ufukwe. Akarudisha nukta, na nukta zikala baiti mbili.

"Zitoe basi hizo nukta," Ossi alisema. Zilikuwa zimebaki dakika tisa. "Watu wataelewa."

Virpi alikuwa anashuka kwenye programu yake amri kwa amri, kidole kikigusa kioo, akitafuta chochote cha ukubwa wa baiti mbili. Zote zilikuwa zinafanya kazi. Zote alishazibana. Mwishowe akafika juu kabisa, mahali programu inapoazima namba ya kwanza kutoka kwenye saa ya mashine. Namba zake za bahati zilizaliwa kwa ukoo: ya kwanza huzaa ya pili kwa kugeuzwa na kusukumwa, ya pili huzaa ya tatu, mpaka gunia linajaa. Ukoo huo una laana moja tu. Sifuri huzaa sifuri. Ikitokea saa imetoa sifuri, gunia zima ni sifuri, na kioo kinabaki cheusi mpaka kiama. Ndiyo maana pale juu palikuwa na amri ndogo ya ulinzi, ya kuilazimisha namba ya kwanza iwe witiri, isiweze kuwa sifuri hata iweje.

Baiti mbili.

Akapiga hesabu haraka. Saa ingeweza kutoa namba mia mbili hamsini na sita tofauti, na sifuri ni moja tu kati ya hizo. Nani ana mkosi wa namna hiyo? Akaifuta ile amri, akajaribu mara tatu, chenga zikatoka mara tatu, akampa Ossi diski. Saa sita kasoro dakika mbili Ilpo aliipima na kusema imekaa.

Maonyesho yalianza saa tisa. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa plastiki nyeusi kwa sababu jua la kule wakati wa kiangazi halina adabu. Projekta kubwa ilikuwa juu ya jukwaa la mabomba nyuma ya ukumbi, na aliyekuwa anailinda alikuwa Taisto mwenyewe, kwa sababu waandaaji hawakumjua mtu mwingine mjini anayeweza kuituliza. Kebo yake ilimsumbua tangu asubuhi. Kila ikitikisika picha ilikatika, naye alikuwa ameifunga kwa utepe na kukaa kando yake na chupa ya kahawa, mkono karibu, kama mtu anayelea mgonjwa.

Kazi zilikuwa tisa. Ya Virpi ilikuwa ya saba.

Ilpo alikaa mbele kwenye mashine ya waandaaji, kipaza sauti mdomoni, na kabla ya kazi ya kwanza akaeleza utaratibu. Mwaka jana kulikuwa na malalamiko kwamba kuna waliopewa muda zaidi ya wengine. Safari hii ni dakika tatu kwa kila mtu, hakuna mjadala, na ili kila mmoja ajionee, orodha moja ya amri itaendesha kila kazi: inairudisha saa ya mashine kwenye sifuri, halafu papo hapo inawasha programu.

Kwenye kitambaa kikubwa cheupe kilichofunika ukuta wa mbele ikatokea saa. Sifuri, sifuri, sifuri. Na kazi ya kwanza ikaanza.

Kati ya watu wote mle ndani ni Virpi peke yake aliyejua maana yake. Saa ile ilipiga mara kumi na nane kwa sekunde. Programu yake ilikuwa ndogo mno, ingepakiwa kufumba na kufumbua. Ingeamka, ingeitazama saa, na huenda saa ilikuwa haijapiga hata mara moja. Ile moja katika mia mbili hamsini na sita ilikuwa imekwisha. Sasa ilikuwa nusu kwa nusu, na huenda nusu mbaya ilikuwa kubwa zaidi.

Akamshika Ossi mkono na kumweleza sikioni. Ossi alikuwa anatafuna. Akaacha kutafuna.

"Kaa kimya," alisema. "Nusu ni nyingi. Watu wamebeti kwa kidogo kuliko hapo."

Kazi ya pili ikapita, mipira inayodunda. Ya tatu, moto wa bluu. Watu walipiga meza kwa viganja, ndiyo makofi yao. Virpi aliona kila kofi linamkaribia. Kazi ya nne ilipoanza akasimama, akavaa viatu vyake vizuri, akafunga kamba, akatembea kwenye kiza hadi mbele. Ni mita arobaini tu. Alisimama mara mbili njiani akijifanya anatafuta kitu sakafuni.

Aliinama kando ya Ilpo, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kazi namba saba inasoma saa inapoamka, na kwamba saa ikiwa sifuri kitambaa kitabaki cheusi, kwa sababu amri ya ulinzi imetolewa. Akaomba saa irudishwe kwenye dakika moja badala ya kwenye sifuri. Dakika moja tu. Yeyote anaweza kuitoa kwa kichwa.

Ilpo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyelalamikiwa mwaka mzima. Alisema faili halibadilishwi, amri hazibadilishwi, na juu ya yote maombi yanapokelewa kutoka kwa mwandishi, si kwa marafiki. Amwite Räntä.

"Räntä ni mimi," Virpi alisema.

Ilpo akamtazama. Kazi ya nne ilimpiga nusu ya uso kwa mwanga mwekundu.

"Räntä ni Ossi," alisema, bila ubaya, kama mtu anayemkumbusha mwingine siku ya wiki.

Pembeni yake alikaa Jarmo wa Kuopio, mwenye kazi namba tano na mwenye yale malalamiko ya mwaka jana. Aligeuka, akamwangalia Virpi kuanzia viatu mpaka nywele, akamwuliza kama kweli ni yake, basi aseme ni amri gani aliyoitoa. Virpi akasema amri ni OR, kwenye AL, na moja. Sifuri-C, sifuri-moja, ndizo baiti zenyewe mbili. Alizitamka kama mtu anavyotaja siku ya kuzaliwa ya mama yake, na akaongeza kwamba aliitoa saa sita kasoro dakika nane ili apate nafasi ya nukta mbili za Ä.

Jarmo akageuka tena mbele. Ilpo akasema kuna njia moja, ipo kwenye kanuni. Mwandishi anaweza kuja mbele na kuiwasha kazi yake kwa mkono wake mwenyewe, anaandika amri zote mwenyewe, saa inakuwa imeshatembea. Lakini kazi iliyowashwa kwa mkono haishindani. Inaonyeshwa tu. Haipigiwi kura, haiandikwi kwenye orodha.

"Chagua kabla ya namba saba," alisema, akageukia mashine yake, kwa sababu zamu ya Jarmo ilikuwa imefika.

Kazi ya Jarmo ilikuwa handaki linalojipinda bila mwisho, na ilikuwa nzuri kweli. Ukumbi ulipiga meza mpaka vikombe vikaanguka. Virpi hakuiona. Alikuwa amesimama na Ossi kwenye giza kando ya ukuta.

"Miezi minane," Ossi alimwambia. "Unajua unachofanya? Ukienda pale umejitoa mwenyewe. Hakuna kura, hakuna kitu. Unaonyesha watu kama mtalii anavyoonyesha picha zake za safari."

"Na ikiwa nyeusi?"

"Ikiwa nyeusi watasema Räntä kateleza. Kila mtu huteleza."

"Watasema Ossi kateleza," Virpi alisema. "Na ikiwaka watasema Ossi kashinda."

Kazi ya sita ilikuwa imeanza, nyota zinazokuja usoni. Ossi akasema polepole kwamba anaweza kupanda kule mbele na kuwaambia. Virpi akatikisa kichwa.

Nyota zilipozimika alikuwa tayari ameshafika kwenye mashine. Ilpo akasogea na kiti chake, akatangaza kwa kipaza sauti kwamba kazi namba saba inawashwa na mwandishi, nje ya mashindano. Mnong'ono ukapita ukumbini. Wa mbele walinyoosha shingo wamwone Ossi, na wakaona msichana mwenye sweta la kijani, na wakadhani ni wa kuchomeka waya.

Aliandika amri ya saa. Ikatokea kwenye kitambaa kikubwa, herufi nyeupe ndefu kama mtu. Halafu akaandika jina la programu, na vidole vikamsaliti: aliandika RÄTNÄ. Mashine ikajibu kwamba haijui kitu hicho. Wakacheka, si sana. Alihesabu moyoni. Sifuri ilikuwa inazunguka na kurudi kila baada ya sekunde kumi na nne, inakaa kidogo kuliko kope inavyofunga, na kuondoka. Alikuwa hajui ipo wapi sasa. Hakuna anayeweza kujua. Akaandika tena, akaisoma herufi kwa herufi, akabonyeza.

Kitambaa kikawa cheusi.

Kilikuwa cheusi muda ambao gunia linasagwa, na Virpi alijua kabisa kwamba gunia linachukua nusu sekunde kusagwa, na nusu sekunde ile alizeeka.

Chenga zikalipuka.

Zilijaza ukuta mzima, hai, zikichemka, na ukumbi ukafanya kitu ambacho hakuwa amekifikiria hata mara moja katika miezi minane. Uliguna. Watu waligeuza vichwa nyuma, kuelekea kwenye projekta. Mmoja akasema kebo imekatika tena. Mwingine akapiga mluzi. Hakuna aliyekuwa anatazama kitambaa, maana nani anatazama televisheni iliyoharibika? Hata Ilpo alinyanyua mkono kumpa fundi ishara. Na juu kule kwenye jukwaa la mabomba, Taisto Moilanen, fundi kwa miaka ishirini na saba, mtu aliyeona chenga nyingi kuliko yeyote mkoani, aliweka kikombe chini, akainuka, akaishika kebo kwa mikono miwili tayari kuichomoa.

Herufi zilikuwa hazijaanza. Virpi alizipanga zianze sekunde ya kumi, ili jicho lizoee kwanza. Ilikuwa sekunde ya tano. Kebo ikichomolewa, projekta ile ilihitaji dakika nne kuamka, na yeye alikuwa na tatu.

Alimpungia baba yake mkono. Gizani hakuna mkono. Ilpo alikuwa ameshika kipaza sauti, Virpi akakichukua bila kuomba.

"Baba, usiiguse," alisema, na sauti ikatoka pande zote nne za ukumbi, kubwa kuliko alivyowahi kuisikia. "Haijaharibika. Ni yangu."

Watu mia sita wakageuka tena, safari hii kwake. Kule juu Taisto alibaki ameinama, kebo mkononi. Aliitazama kebo. Akainua macho kwenye kitambaa, akakunja uso kama anavyofanya akiletewa redio iliyofunguliwa na mtu mwingine. Hakuiachia kebo, lakini hakuichomoa.

Sekunde ya tisa. Ya kumi.

Ndani ya chenga kitu kikaanza kwenda. Hakikuwa na rangi wala ukingo. Waliokaa mbele hawakukiona kwanza, waliokaa nyuma ndio waliosema oo. Herufi moja kubwa kama mlango wa gereji, halafu ya pili, na juu ya ya pili nukta mbili zinazosogea. Mtu akasimama juu ya kiti. Mwingine alifunga jicho moja, akalifungua, akafunga la pili. Jina zima likapita mbele yao likielea, RÄNTÄ, na chini yake msichana wa sweta la kijani amesimama na kipaza sauti kilichosahauliwa mkononi, na chenga zinamcheza usoni.

Alikuwa ameweka mahali pa kubonyeza ili picha isimame. Akabonyeza. Jina likafutika mbele ya macho yao, zikabaki chenga zilizoganda, takataka tupu. Akaachia, likarudi. Hapo ndipo walipoanza kupiga meza, na hawakuacha mpaka dakika tatu zikaisha na kwa muda baadaye.

Ilpo alichukua kipaza sauti chake. Alipaswa kumtaja mwandishi. Akamwuliza jina kwa sauti ya kawaida, mbali na kipaza, akaliandika pembeni ya karatasi, kisha akasoma: Räntä, ambaye ni Virpi Moilanen, wa hapa hapa Kajaani. Halafu akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya namba saba, kama alivyosema atafanya.

Jioni kura zilipohesabiwa handaki la Jarmo lilishinda. Mipira ikawa ya pili. Jina la Virpi halikuwamo popote kwenye ile orodha iliyobandikwa mlangoni. Alikuwa ameutaka sana ushindi, asidanganye mtu. Alisimama pale akisoma majina tisa kasoro moja mara mbili tatu, kama vile karatasi ingebadilisha mawazo.

Nje kwenye foleni ya soseji jua lilikuwa bado liko juu ya paa. Ossi alikuwa mbele yake, na tayari alikuwa na moja mdomoni na haradali kidevuni, pale Jarmo wa Kuopio alipokuja na wenzake wawili. Jarmo alimsogelea Ossi, kwa mazoea tu, miguu yake ilimpeleka yenyewe. Akaanza kumwuliza lile gunia la chenga lina ukubwa gani, maana amepiga hesabu njia nzima na haiingii kwenye baiti elfu nne hata kwa kusukumwa na tingatinga.

Katikati ya sentensi akasimama. Akawa mwekundu masikioni. Akapiga hatua moja kushoto, kuliuliza swali lake mahali pake.

"Lina ukubwa gani?" alimwuliza Virpi.

Virpi akamwambia halimo kwenye faili, linasagwa mashine inapoamka. Jarmo akauliza, sawa, ila kila mstari unajuaje pa kuanzia. Virpi akasema hapo ndipo penyewe, akachukua kitambaa cha karatasi kwenye kaunta, akamwomba mwenye soseji kalamu. Foleni nyuma yao ikaanza kulalamika. Alichora mistari mitatu, akaweka mshale kwenye wa kwanza, na mmoja wa wale wenzake wa Jarmo akamwambia Virpi asogee kidogo, kivuli chake kinaziba, hawaoni.